Anayefuata Bendera

Kuna mtaa mmoja mjini Moshi, upande wa chini wa stesheni, ambako reli imezama katikati ya lami. Kwa miaka kama thelathini hakuna treni iliyopita pale, na watu wakazoea. Mafundi pikipiki walitandaza vyuma vyao juu yake, mama lishe wakaweka majiko pembeni, na Fuso za mbolea zikasimama hapo hapo kushusha mizigo. Waliozaliwa katika miaka hiyo walikua wakiamini kwamba ile mistari miwili ya chuma ni sehemu ya barabara tu, kama mtaro.

Kisha treni ya mizigo ikarudi. Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, kichwa kimoja kilivuta mabehewa sita kutoka stesheni hadi kwenye magodauni, kikipita katikati ya bajaji, bodaboda, mikokoteni na watu, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Aliyetembea mbele yake alikuwa Flavia.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Uru, amepanga chumba mtaa wa Soweto. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Alivaa kizibao cha rangi ya chungwa, filimbi shingoni, bendera nyekundu mkono wa kulia na ya kijani mkono wa kushoto, akatangulia hatua ishirini mbele ya kichwa cha treni. Alipuliza filimbi, akafukuza pikipiki, akagonga milango ya magari yaliyoegeshwa vibaya. Njia ikiziba, aliinua nyekundu, na nyuma yake treni ikaguna ikasimama. Njia ikifunguka, alihakikisha kwa macho yake, akainua kijani. Dereva juu hakuona chochote kilichokuwa chini ya pua ya treni. Macho ya treni yalikuwa macho ya Flavia.

Wenye mtaa walimpenda. Walimwita Mama Treni ingawa hakuwa na mtoto. Alijua ni nani atahamisha jiko lake kwa neno moja na ni nani lazima atukanwe kwanza.

Asubuhi moja ya Ijumaa, mwezi wa nne, mvua ilikuwa imetoka kunyesha na lami inateleza. Fuso moja ilikuwa imesimama karibu mno na reli, tako lake limeingia njiani. Flavia akainua nyekundu, treni ikasimama. Akamgongea dereva wa Fuso mlango, naye akawasha gari, akasogea taratibu. Wakati anasogea, simu ya Flavia ikalia mfukoni. Simu ilikuwa marufuku kazini. Aliitoa ili aizime, akaona ni ujumbe wa dada yake, akausoma. Mistari miwili tu. Na macho yake yakiwa bado kwenye kioo, mkono wake wa kushoto, kwa mazoea, ukainuka na bendera ya kijani.

Treni ikaanza kusogea. Flavia naye akapiga hatua, akapita Fuso, akiirudisha simu mfukoni. Hakuangalia upande wa pili wa Fuso. Huko alikuwepo kijana mmoja wa shati la kijani ameinama juu ya reli, anaokota mkungu wa ndizi ulioanguka kutoka kwenye mkokoteni wake. Ngurumo ya Fuso ilikuwa imemziba masikio. Flavia alimwona alipogeuka kwa sababu ya kelele za watu, na alipopuliza filimbi ilikuwa tayari bure.

Treni haisimami kama gari. Ilipokuja kusimama, kijana alikuwa amelala kando ya reli, ndala moja mguuni, nyingine haionekani. Mkokoteni ulikuwa umepinduka, na dumu la mbege alilokuwa amelifunga juu ya ndizi lilikuwa limepasuka, pombe yote imemmwagikia kifuani. Harufu ilijaa mtaa mzima.

Flavia ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alipiga magoti, akamshika kichwa. Kijana alimtazama vizuri kabisa, kama mtu anayemfahamu, akasema kwa Kichagga, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, “Sijaonja. Waambie sijaonja.”

Hakusema kingine.

Watu walipokusanyika, mtu wa kwanza kusema alikuwa fundi mmoja aliyekuwa nyuma: “Huyu alikuwa amelewa, nuseni!” Wa pili akaitikia. Baada ya dakika kumi mtaa mzima ulikuwa na hakika. Trafiki alipomuuliza Flavia, neno lilikuwa limeshaandaliwa, yeye akaliokota tu. Aliandika maelezo kwa mkono wake: marehemu alikuwa amelewa, nilimpigia filimbi mara tatu, hakusikia. Dereva wa siku ile hakuwa ameona kitu zaidi ya bendera ya kijani, na hakutaka kuulizwa zaidi. Mwezi haukuisha akaomba kuhamishiwa Tanga. Faili likafungwa. Flavia akapewa siku saba za kupumzika, na wenzake ofisini wakamwambia pole.

Jina la kijana alilijua kwenye karatasi ya polisi. Wenseslaus, wa Kirua Vunjo, miaka thelathini na mmoja, ameacha mama na mke.

Aliporudi kazini, Jumanne ya kwanza, alizisikia hatua.

Alikuwa amefika karibu na pale pale, watu wanapunguza sauti wakimwona. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa treni, na ndani ya mngurumo huo, karibu zaidi, kulikuwa na mtu anatembea. Hatua moja ilipiga *pa*, kama ndala juu ya lami. Ya pili haikuwa na sauti. *Pa*. Kimya. *Pa*. Kimya. Ni mtu aliyevaa ndala mguu mmoja.

Flavia alisimama. Hatua zikasimama. Aligeuka, akaona kichwa cha treni hatua ishirini nyuma, lami tupu, na dereva anachungulia dirishani akishangaa kwa nini amesimama bila bendera. Akainua nyekundu ili ionekane ana sababu. Akapuliza filimbi kumfukuza mtu ambaye hakuwepo. Kisha akaendelea, na *pa* ikaendelea naye hadi magodauni.

Ijumaa ilikuwa hivyo hivyo. Na Jumanne iliyofuata. Siku nyingine harufu ya mbege ilimjia puani, tamu na chachu, mtaa mkavu na hakuna anayeuza. Aliacha kugeuka. Alijaribu kupuliza filimbi mfululizo ili asisikie, hadi mama lishe mmoja akamwambia, “Mama Treni, utatutoboa masikio, kuna nini leo?” Alikwenda kanisani kuungama, akafika mlango wa kitubio akarudi. Alikonda. Kizibao kikaanza kumning’inia kama kimetundikwa kwenye msumari.

Mwezi wa sita akaja dereva mpya, Mashaka, mtu wa Korogwe, miaka hamsini na kitu, mwenye ndevu nyeupe fupi na kofia ya kufuma. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku yake ya tatu kwenye ule mtaa, baada ya kufika magodauni na kuzima mashine, alishuka ngazi taratibu, akamfuata Flavia aliyekuwa anakunywa maji kivulini.

“Binti yangu,” alisema, “yule kijana mliyempanga kutembea nyuma yako, mwambie asikae katikati ya reli. Akiteleza mimi siwezi kusimama.”

Flavia alishusha chupa.

“Kijana gani, Mzee Mashaka?”

“Mwenye shati la kijani. Tena mwambie avae viatu. Anatembea na ndala moja kazini, ndiyo nini hiyo?”

Flavia alikaa chini palepale, juu ya mchanga. Mashaka alimtazama, akatazama mtaa walikotoka, akarudisha macho kwake. Uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayekumbuka mlango aliouacha wazi. Alikuwa ameshasikia kwamba kuna mtu aligongwa pale. Hakuwa ameambiwa alivaa nini.

“Wewe unamwona?” Flavia aliuliza.

“Kila siku. Nilidhani ni mwajiriwa.” Alivua kofia, akajipangusa kichwa. “Nimeendesha treni miaka ishirini na miwili. Relini mtu anaona mambo, na mengi nimeyaacha hukohuko relini. Lakini huyu hatembei ovyo. Ukisimama anasimama. Ukienda anakwenda. Huyu anafuata bendera. Kuna nini kati yako na yeye?”

Flavia akamwambia. Ujumbe wa simu, bendera ya kijani, maelezo aliyoyaandika. Alimwambia hata yale maneno ya mwisho, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alizungumza akiangalia chini.

Alipomaliza, mzee alisema, “Mimi siwezi kukuondolea kitu hicho, na wala padre wako sidhani. Nenda kwa watu wake.”

Jumapili Flavia alipanda Kirua. Barabarani alichukua bodaboda, wakapanda kwenye ukungu, migomba imefunga juu ya njia pande zote mbili, maji ya mfereji yanasikika lakini hayaonekani. Alielekezwa nyumba ya mama Kornelia. Alimkuta bibi mwembamba wa miaka sabini hivi, amejifunga khanga mbili kwa baridi, ameketi barazani akichambua kahawa kwenye ungo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umetoka jumuiya ya kanisa?”

“Hapana mama. Nimetoka Moshi. Mimi ndiye ninayetembea mbele ya treni.”

Mikono ya Kornelia ilisita juu ya ungo, kisha ikaendelea. “Keti,” alisema.

Flavia alikuwa amepanga kusema yote. Lakini kabla hajafungua kinywa, Kornelia alianza kuzungumza mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekosa wa kumwambia kwa muda mrefu.

“Mwanangu alikuwa mlevi,” alisema. “Sikufichi. Alikunywa hadi akauza mabati ya nyumba yake. Monica, mke wake, alikuwa anakwenda kumwokota njiani. Krismasi ya mwaka wa juzi alisimama kanisani, mbele ya padre na watu wote, akaweka nadhiri hatagusa pombe tena. Na hakugusa. Siku ile dumu la mbege halikuwa lake. Nilimpa mimi ampelekee kaka yangu huko mjini, alikuwa na posa ya binti. Mimi mwenyewe nilimpa.” Alitupa punje mbovu uwanjani. “Wakaja kutuambia kagongwa na treni amelewa. Monica hakulia msibani. Hata chozi moja. Alisema, ameniongopea hadi mwisho. Tulipomaliza matanga akaenda zake Kahe kwa kaka yake. Hapa nimebaki na kaburi.”

Flavia alisikiliza, akayakumbuka yale maneno ya Kichagga. Alikuwa ameyachukulia kama maweweseko ya mtu anayekata roho. Sasa alijua yalikuwa yanakwenda kwa nani. Yakawa mazito kuliko alivyoweza kuyatoa.

Kwa hiyo alisema nusu. Alisema bendera ilikuwa ya kijani na macho yake yalikuwa kwenye simu. Alisema hakupuliza filimbi hata moja kabla ya kelele za watu. Alisema pombe ilikuwa imemmwagikia tu, na yeye aliona hivyo, akaandika vingine. Na alisema juu ya hatua, na juu ya dereva anayemwona anayezipiga.

Kornelia aliweka ungo chini. Ukungu ukapita katikati ya migomba kama mtu anayetafuta kitu. Hakulia. Hakumtukana. Mwishowe aliuliza jambo moja tu:

“Ana baridi?”

“Sijui mama. Simwoni. Namsikia.”

“Treni inapita lini?”

“Keshokutwa. Saa nne.”

“Nitakuja kumchukua.”

Jumanne Kornelia alikuja. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na sweta, na mkononi alishika jani la isale, lile jani refu la kijani ambalo Wachagga huomba nalo msamaha na kupatanisha waliogombana. Alisimama ukingoni pale Flavia alipomwonyesha. Treni ilipofika, Flavia aliinua nyekundu, Mashaka akasimamisha, na bibi akaingia katikati ya barabara.

Saa nne asubuhi mtaa ule una kila aina ya kelele. Bajaji zilikuwa zimebanana pande zote mbili, bodaboda zikipenyeza, mwenye Fuso anapiga honi bila kuachia. “Mtoeni huyo bibi!” mtu alipiga kelele. Kornelia hakumsikia. Aliinama, akagusa reli kwa lile jani, akaanza kuongea Kichagga kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwita mtoto ndani wakati wa kula. Alimwita jina. Alimwambia mvua inakuja juu, migomba inataka kuegemezwa, waondoke. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea kituo cha magari, polepole, akimpa mtu nafasi ya kumfuata.

Baada ya hatua kumi alisimama bila kugeuka. Akampigia kelele Mashaka kule juu: “Baba, wewe unayemwona! Anakuja?”

Mashaka alikuwa ametoa kichwa dirishani, uso umemshuka.

“Amesimama, mama. Anakuangalia. Lakini amesimama.”

Honi zilikuwa zinalia, lakini walioko karibu walisikia jibu hilo, na mmoja baada ya mwingine wakazima injini. Kornelia alirudi hadi alipo Flavia. Walikuwa wanalingana kimo. Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

“Mwanangu hanikatalii mimi,” alisema. “Umebakiza neno.”

Flavia alijaribu kusema hapana, akashindwa. “Alisema kitu,” alinong’ona. “Nilikuwa nimemshika kichwa. Alisema, sijaonja. Waambie sijaonja.”

Kornelia alikaa chini kwenye ukingo wa barabara na gauni lake la kanisani. Isale ililala magotini kwake. Mama lishe mmoja alimletea maji, hakuyapokea.

“Miezi miwili,” alisema. “Miezi miwili umelikalia.” Kisha, baada ya kuvuta pumzi: “Hilo si langu. Mimi sikuwahi kumshuku. Peleka kwa mwenyewe, kule Kahe.”

Mchana ule ule Flavia alishuka Kahe. Huko chini ni nchi nyingine, jua linachoma, ardhi ni tambarare, mlima uko mbali juu ya mawingu kama hauhusiki. Reli kubwa inapita huko pia. Alimkuta Monica shambani kwa kaka yake, ameingia miguu mitupu kwenye mfereji, anafungulia maji ya kitunguu kwa jembe. Alikuwa mdogo kuliko alivyomtarajia, ishirini na saba au nane.

Flavia hakungoja kukaribishwa. Alijitaja, akasema yote tangu mwanzo, bendera, simu, dumu, maelezo, hatua zinazomfuata, hadi yale maneno. Monica hakuacha kazi. Aliziba maji huku, akayafungulia kule, kama anayesikiliza redio. Maneno yalipofika, jembe lilisimama.

“Rudia.”

“Sijaonja. Waambie sijaonja.”

“Alisema kwa Kiswahili?”

“Hapana. Kichagga.”

“Yaseme vile alivyosema.”

Flavia akayasema kwa Kichagga, kwa sauti ile ile ya chini isiyo na haraka. Ilimtoka hivyo yenyewe, hakuigiza.

“Na Wensi mjini huwa anasema Kiswahili,” alisema Monica. “Hata akikutana na Mchagga mwenzake, anasema Kiswahili. Kichagga ni cha nyumbani. Ni mimi na yeye.” Aliegemea mpini. “Kumbe alikuwa anasema na mimi.”

Akaachia jembe. Akakaa ndani ya mfereji, maji yakamzunguka kiunoni, na kilio kikamtoka, kilio cha msibani ambacho hakikutoka msibani. Watu wa mashamba ya jirani walikuja mbio wakidhani kuna nyoka. Walimkuta Flavia amesimama ukingoni, hajui aondoke au abaki, na maji yanafurika upande wa vitunguu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyaziba.

Alipoweza kusema, Monica hakumwangalia. “Uliandika,” alisema. “Kawafutie hao uliowaandikia. Ukimaliza usinitafute. Nikikutaka nitakuita.”

Jumatano asubuhi Flavia aliingia ofisini, akaomba karatasi. Mkuu wake alimwuliza mara mbili kama anajua anachofanya. Kesi imefungwa, hakuna anayelalamika. Akasema anajua. Aliandika, akapelekwa polisi, akaandika tena. Kizibao na bendera alivikabidhi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo Ijumaa alikuwa kando ya barabara kama watu wengine, mikono mitupu, treni ilipokuja na mshika bendera mgeni. Hakutegemea kumwona Monica. Alikuja kutoka upande wa stesheni, amevaa nguo nyeusi zilizokunjika, za msibani, kana kwamba alizitoa kwenye mfuko jana. Hakuwa na jani mkononi. Aliingia barabarani bila kumwomba mtu ruhusa, na Mashaka, aliyemwona kwa mbali, akafunga breki kabla bendera haijapanda.

Monica alisimama mbele ya treni. Alisema maneno machache tu, ya Kichagga, ambayo waliokuwa karibu hawakuyashika vizuri. Mmoja anasema alisema, “Nimesikia.” Kisha akanyoosha mkono kidogo pembeni, kama mtu anayemsubiri mwenzake ashike, akaondoka kwa hatua fupi kuelekea kituoni.

Flavia alifumba macho. Alisikia *pa*. Kimya. *Pa*. Kimya. Zilimpita mbele, karibu kiasi cha kumgusa, na harufu ya mbege ikapita nazo. Hazikusita. Zilipungua, zikapungua, zikachanganyika na injini za bajaji.

Mashaka alimsimulia baadaye kwamba kutoka dirishani aliwaona hadi wanapanda gari la Kirua, kituo kikiwa hatua chache tu kutoka relini. Kondakta alitaka kumweka abiria kwenye kiti kilichokuwa pembeni mwa Monica, na Monica akaweka mkono wake juu ya kiti. “Kuna mtu,” alisema. Kondakta alitazama kiti, akatazama nguo zake nyeusi, akamweka abiria nyuma.

Tangu siku hiyo Mashaka hakuona tena mtu nyuma ya bendera. Lakini pale mahali bado hupunguza mwendo hadi treni inakaribia kusimama, na akiulizwa husema reli ni mbovu.

Flavia alishtakiwa, akakiri kosa, akapewa kifungo cha nje mwaka mmoja. Alfajiri anafagia uwanja wa zahanati, mchana anashona sare za shule kwenye cherehani ya kuazima. Mtaani kwa treni hapiti. Anazunguka njia ndefu, hata akiwa amechelewa.

Mwezi wa kumi na moja alipata simu kutoka namba asiyoijua. Ilikuwa sauti ya Monica. Alikuwa amerudi kuishi Kirua na mama mkwe wake. “Jumamosi kuna misa ya Wensi,” alisema. “Mama anasema uje.”

“Na wewe unasemaje?”

Flavia alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

“Mimi sijakusamehe,” alisema Monica. “Ila njoo.”

Alikwenda. Alikaa benchi la mwisho, na baada ya misa akawafuata watu kwa mbali hadi nyumbani. Padre alimtaja marehemu kwa jina, na akasema mbele ya wote kwamba alikufa ametimiza nadhiri yake. Mtu mmoja uwanjani alikohoa, wengine wakainamisha vichwa, maana wengi waliokuwepo walikuwa wamemsema kwamba alikufa amelewa. Flavia hakuingia ndani. Alisimama chini ya migomba, upande wa jikoni, mahali ambapo ungeweza kuona kaburi ukitaka na usilione usipotaka.

Kornelia alitoka na bakuli la mtori wa ndizi, mvuke unapanda kwenye baridi. Alimpa, akabaki amesimama pale, mikono imekunjwa ndani ya khanga, hadi alipohakikisha kwamba anakula.